Ramani Isipoteze Mahali Pake

Shikeni kalamu na daftari.

Tuseme ndugu mmoja wa Raskazone, Tanga, ana ramani ya zamani ya karatasi. Katika ramani hiyo sentimita 1 ni mita 500 za ardhi. Anaipitisha kwenye skena, nayo inakuwa picha ndani ya kompyuta. Picha hiyo ni vitone vingi vilivyopangwa safu kwa safu. Vikiwa vitone 100 katika kila sentimita, kitone kimoja ni mita ngapi? Gawanyeni 500 kwa 100. Jibu ni mita 5.

Lakini kitone hakijui kama kiko Raskazone au Pangani. Lazima kompyuta iambiwe, na njia ni mbili. Ya kwanza ni faili ndogo yenye namba sita, inayokaa kando ya picha. Namba hizo hueleza ukubwa wa kitone, jinsi picha ilivyoinama, na mahali pa kitone cha kwanza, juu kushoto. Ya pili ni faili ya GeoTIFF, ambayo hubeba habari hizo ndani yake, kama kifurushi kilichoandikwa anwani.

Programu moja haisomi kila aina ya faili, kwa hiyo watu huzigeuza. GDAL ni programu ya bure ya kazi hiyo. Basi jihadhari na mambo matatu.

Kwanza, usiiache nyuma faili ya namba sita. Picha itafika, anwani haitafika.

Pili, JPEG hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa habari ndogondogo. Picha ya arusi haiharibiki sana, lakini mistari myembamba ya ramani hufifia. PNG haitupi kitu.

Tatu, angalia kipimo. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zilifuata kipimo kiitwacho Arc 1960. Simu zetu hufuata WGS 84. Ukizisoma namba za Arc 1960 kana kwamba ni za WGS 84, mahali huhama karibu mita 300, zaidi kuelekea kaskazini. Na kaskazini ya Raskazone ni bahari! Nyumba ya pwani itaonekana imo majini pamoja na ngalawa. Faili ya namba sita haitaji kipimo. GeoTIFF yaweza kukitaja.

Ukisha kugeuza, usifute faili ya asili. Tafuta mahali unapopajua, kama njia panda, ulinganishe namba za faili zote mbili.

Na kumbuka: kitone cha mita 5 hakiamui ugomvi wa ukuta baina ya majirani. Hiyo ni kazi ya mpimaji na mawe ya mpaka.

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini nyumba ilionekana baharini?
2. Vitone vikiwa 50 kwa sentimita, kitone kimoja ni mita ngapi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.