Biashara na Nchi Jirani: Faida na Wajibu wa Mkulima wa Kakamega

Wako watu wengi hapa Kakamega ambao, wasikiapo habari za soko la Afrika Mashariki, hudhani kuwa hayo ni mambo ya mawaziri na matajiri tu. Sivyo. Jambo hili humhusu mkulima mwenye ekari mbili za mahindi, na karani anunuaye debe moja kila mwisho wa mwezi.

Umoja huu si mgeni. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917, na Tanganyika ikajiunga baadaye. Jumuiya iliyoundwa mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mkataba mpya ulitiwa sahihi mwaka 1999, na Umoja wa Forodha ukaanza tarehe 1 Januari 2005. Tangu hapo mahindi yaliyolimwa Uganda huingia kwetu bila kutozwa ushuru wa forodha.

Uganda huvuna mara mbili kwa mwaka. Mavuno yake ya kwanza huanza kufika mwezi wa Juni na Julai, wakati ghala zetu nyingi zimekwisha kuwa tupu. Wakati huo mnunuzi hushukuru. Lakini sisi tunapovuna, mahindi ya jirani yakiwa bado sokoni, bei hushuka, na mkulima hunung'unika. Wote wawili wana haki, na mara nyingi huishi katika nyumba moja.

Wengine husema, "Mpaka na ufungwe." Na tuitazame miwa. Kwa miaka zaidi ya ishirini Kenya iliruhusiwa na nchi za COMESA kuzuia sukari ya nje isiingie kwa wingi, ili viwanda vyetu vipate nafasi ya kujitengeneza. Hata hivyo, mwaka 2019 Kampuni ya Sukari ya Mumias iliwekwa mikononi mwa msimamizi aliyeteuliwa na benki iliyoidai. Ukuta humzuia jirani, lakini hauponyi ugonjwa ulio ndani ya nyumba.

Tena, kuondolewa kwa ushuru si kuondolewa kwa masharti. Mwezi wa Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu wa nafaka. Siku chache baadaye yaliruhusiwa tena, kwa sharti kwamba yawe na cheti na sumu hiyo isizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Sumu hiyo haichagui taifa. Nafaka yetu isipokauka huipata vilevile.

Kwa hiyo yafaa tufanye mambo mawili. Kwanza, mahindi yaanikwe juu ya turubai, wala si juu ya udongo, mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Pili, mchuuzi apitaye Busia au Malaba na apite katika kituo cha forodha, wala asifuate njia za panya. Mzigo wa bidhaa za Afrika Mashariki usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani una utaratibu mwepesi: ikiwa bidhaa zimo katika orodha iliyokubaliwa, mwenyewe hupewa hapo hapo cheti cha kuonyesha zilikotoka. Afuataye njia za panya huweza kunyang'anywa mali yote kwa siku moja.

Mlango umekwisha kufunguliwa. Atakayefaidi ni yule mwenye nafaka safi ghalani na cheti mkononi.