Kahawa yetu na sheria ya Ulaya: GPS inatafuta nini mu shamba?

Siku hizi wakulima wananiuliza swali moja tu: "Agronome, juu ya nini munapima shamba yangu na telefone? Munataka kuninyang'anya?" Natumika na wakulima wa kahawa upande wa Kalehe, na ule woga unarudisha kazi nyuma. Acha nieleze polepole.

Tunapima juu ya sheria ya Umoja wa Ulaya, namba 2023/1115. Inagusa vitu saba: ngombe, kakao, kahawa, mawese, kauchu, soya na mbao. Haimushike mulimaji, inamushika mununuzi wa kule. Akiingiza kahawa bila vitambulisho, amende inaweza kufika 4% ya mauzo yake ya mwaka mu Ulaya. Njo maana anatusukuma sisi.

Anaombwa mambo matatu. Kwanza, kahawa isitoke mahali pori lilikatwa kisha tarehe 31/12/2020. Pili, ilimwe kwa kufuata sheria za inchi yetu. Tatu, aandike mashamba yote kahawa ilimotoka. Shamba ya hekta 4 ao chini, kwa kahawa inatosha pointi moja ya GPS. Ikipita hekta 4, inazungukwa yote. Basi ile pointi inaonyesha mahali, haitoe shamba kwa mutu.

Sasa tuone fasi tunaweza kuanguka. Tuseme wakulima 300 wanapeleka kahawa ku stasioni moja ya kuoshea. Kumi kati yao hawana pointi. Kahawa ikisha kuchanganyika mu mashini, huwezi kuwatenga tena: loti yote inakataliwa. Hapo wale 290 wanauzisha kwa bei ya chini, ao kahawa inavuka mupaka kwa frode, na jina la Kivu linapotea.

Fasi ya pili ni vita. Mutu alikimbia, shamba ikageuka kichaka. Akirudi na kufyeka, satelite inaweza kusema alikata pori. Lakini sheria yenyewe inasema udongo unaotumiwa kwa kilimo hauhesabiwe kuwa pori. Ni vile vile kwa kahawa iliyo chini ya miti ya kivuli. Kwa hiyo tuandike: nani alilima pale, tangu mwaka gani, majirani gani ni mashahidi. Bila ile karatasi, picha ya satelite itasema peke yake.

Fasi ya tatu ni udongo. Sheria ya tarehe 20/7/1973 inasema udongo wote ni wa Serikali. Lakini mu artikle 387 mpaka 389 inatambua udongo ambao wenyeji wanakaa na kulima kwa desturi. Wakulima wengi hawana sertifika, wako na karatasi ya shefu ao hawana kitu. Koperative isingoje: ikusanye zile karatasi, na wasio nazo wasaidiwe kuzitafuta.

Wamoja wanasema hii sheria imesogezwa, basi tulale. Ni kweli: ilipaswa kuanza mwisho wa 2024, ikasogezwa mwaka mmoja, kisha mwaka mwingine. Lakini kupima mashamba elfu moja ya milimani haiko kazi ya juma moja. Atakayeanza siku ya mwisho atakuta mununuzi amekwisha kwenda kwa wengine.

Naomba mambo mawili kwa sisi wenye diplome. Ukienda kupima, mupe mulimaji kopi ya pointi zake, juu ni mali yake, haiko ya mununuzi. Na umueleze mu luga yake mbele ya kufungua telefone. Mulimaji akielewa, yeye mwenyewe njo atakuonyesha mupaka wa shamba.

Wale wa Beni na Mambasa, kwenu kakao inapimwa namna gani? Muandike hapa chini, tusaidiane.