Jani la Mhina: Rangi, Dawa na Hadhari

Katika miji ya pwani yetu, kutoka Lamu hadi Unguja, ni nadra bibi harusi kutolewa bila ya kupakwa hina mikononi na miguuni. Mmea utoao rangi hiyo ni mhina, ambao wanasayansi huuita Lawsonia inermis, jina alilolitoa Linnaeus mwaka 1753. Yafaa tujiulize: jani la kijani hutoaje rangi nyekundu? Jibu la swali hili haliridhishi udadisi tu, bali laweza pia kumkinga mtu na madhara makubwa.

Kemikali itoayo rangi huitwa lawsoni, na fomula yake ni C10H6O3. Katika jani bichi, kemikali inayoizaa lawsoni huwa imefungamana na sukari. Jani likaushwapo, likasagwa na kukandwa kwa maji, kifungo hicho huvunjika, nayo oksijeni ya hewani huikamilisha kazi. Ndiyo sababu mabibi zetu huiacha hina iliyokandwa ikae saa kadhaa kabla ya kuipaka. Wengi huikanda kwa maji ya ndimu, kwani asidi husaidia kuiachanisha ile sukari.

Ikisha kupakwa, lawsoni huungana na keratini, protini iliyomo katika tabaka la juu la ngozi, katika nywele na katika kucha. Muungano huo ni wa kikemia, kwa hiyo sabuni haiuondoi. Mwanzoni rangi huwa ya chungwa. Baada ya siku moja au mbili huiva ikawa kahawia nyekundu. Ngozini hufifia kwa wiki moja hadi tatu, kadiri seli zilizokufa zinavyobanduka. Wanafunzi waweza kulichunguza jambo hili darasani: watie unyoya mweupe wa kuku na kipande cha kitambaa cha pamba katika hina moja, kisha wavioshe kwa sabuni. Unyoya una keratini, pamba haina. Je, kipi kitashika rangi zaidi?

Mhina umetumika pia kama dawa. Majani yaliyopondwa hupakwa penye choa, katika visigino vilivyopasuka, na katika kipaji cha mtu aumwaye na kichwa. Katika maabara, dondoo ya majani hayo imeonekana kuzuia ukuaji wa baadhi ya kuvu washambuliao ngozi. Hata hivyo, kuvu kufa ndani ya kisahani si ushahidi wa kutosha kwamba mgonjwa atapona. Mwili wa binadamu una mambo mengi kuliko kisahani.

Sasa tuzitazame hatari mbili. Ya kwanza ni ile iitwayo "hina nyeusi", au piko. Jani la mhina peke yake halitoi weusi wa makaa, wala haliivi kwa nusu saa. Weusi huo mara nyingi hutokana na parafenilenidiamini, kemikali ya kutilia nywele rangi. Sheria za Umoja wa Ulaya huiruhusu katika rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na haziruhusu ipakwe ngozini. Yaweza kuleta malengelenge na makovu. Na mwili ukisha kuikataa mara moja, huenda ukaikataa maisha yote, hata katika rangi ya nywele.

Hatari ya pili imo katika hina halisi. Wako watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho huzilinda chembe nyekundu za damu. Hali hii imeenea penye malaria, pwani yetu ikiwamo. Lawsoni ikipenya ngozi laini ya mtoto wa namna hiyo, chembe zake zaweza kupasuka, akapata manjano na upungufu wa damu. Madaktari wameripoti watoto wachanga waliofikia hatua ya kuhatarisha maisha. Naftalini, zile tembe nyeupe za kuhifadhia nguo, huwadhuru watoto hao kwa njia kama hiyo.

Basi, tusiidharau mila, wala tusiifuate kwa macho yaliyofumbwa. Hina iwe nyekundu, ipewe muda wake, na watoto wachanga wasipakwe kabisa.