Bei ya cheti ndiyo inayoamua bei ya dawa

Mbwa akiugua huko Uingereza, mwenyewe humpeleka kwa daktari wa wanyama. Daktari humpima, huamua dawa, kisha humuuzia mteja dawa hiyo hiyo kutoka kabati lake. Kila mwamba ngozi huvutia kwake.

Kisheria mteja halazimiki kununua hapo. Anaweza kuomba cheti cha dawa akanunue duka jingine au aagize kwa intaneti, ambako mara nyingi bei ni nafuu. Tatizo ni kwamba cheti chenyewe kinauzwa.

Tupige hesabu ya mfano. Dawa kwa daktari ni paundi 40, dukani ni paundi 22. Daktari akitoza paundi 20 kwa cheti, aliyekwenda dukani atatumia paundi 42. Amepata hasara ya paundi 2 na usumbufu juu. Cheti kikiwa bure, anaokoa paundi 18. Hivyo anayepanga ada ya cheti ndiye anayeamua kama muuza dawa mwenzake atapata mteja.

Uingereza iliwahi kuifuta ada hiyo. Tume ya Ushindani ilichunguza soko la dawa za wanyama, mifugo ya mashambani ikiwamo, na kutoa ripoti mwaka 2003. Oktoba 2005 madaktari walipigwa marufuku kutoza cheti kwa miaka mitatu. Muda ulipokwisha mwaka 2008, ruhusa ya kutoza ikarudi.

Tangu hapo soko limebadilika. Mwaka 2013 kampuni kubwa zilimiliki takriban asilimia 10 ya kliniki za wanyama. Kufikia uchunguzi uliofuata, zilikuwa na asilimia 60. Baadhi zinamiliki hata maduka ya dawa ya intaneti, yaani mteja anayemkimbia daktari anaweza kuangukia kwa tajiri yule yule.

Oktoba 2025, Mamlaka ya Ushindani na Masoko ilitoa uamuzi wa awali. Ilipendekeza ada ya cheti isizidi paundi 16, kliniki zitangaze bei zao, na wateja waambiwe kuwa dawa inaweza kupatikana kwa bei nafuu kwingine.

Madaktari nao wana hoja. Kuandika cheti ni kazi, na faida ya dawa husaidia kulipia vifaa na wafanyakazi. Ikipungua, ada ya kumwona daktari inaweza kupanda. Ni kweli, lakini ni heri mteja ajue analipia nini.

Je, ukomo wa paundi 16 uliopendekezwa wakati huo ungetosha? Katika mfano wetu mteja angeokoa paundi 2 tu. Lakini cheti kimoja kikiruhusu kununua mara tatu, angelipa paundi 82 badala ya 120. Dawa ya mara moja hainufaiki sana. Dawa ya kudumu ndiyo yenye unafuu.

Mfugaji wa kwetu naye ajiulize: anayempima ng'ombe wangu ndiye anayeniuzia dawa? Kama ndiye, si kosa. Mwombe akuandikie jina la dawa, kiasi na siku za kutumia, kisha uliza bei maduka mawili kabla ya kulipa. Usiruke kipimo kwa kutafuta unafuu: dawa isiyo sahihi ni ghali hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.