Vuga yaisubiri senema yake

Ukipita Vuga, Unguja, huwezi kulikosa jengo la Majestic. Uso wake wa mtindo wa Art Deco, uliomalizika mwaka 1955, bado una haiba. Ndani ni habari nyingine: paa la ukumbi liliporomoka, na masika yakiingia, mvua hunyesha pale walipokuwa wakikaa watazamaji. Hata hivyo jina la Majestic limerudi midomoni mwa watu, kwa kuwa taasisi ya Hifadhi Zanzibar na washirika wake wameshika mpango wa kulifufua liwe tena senema na kituo cha sanaa.

Hamu ya senema haikuzuka juzi. Hapo hapo Vuga picha zilianza kuoneshwa mwaka 1921 katika jengo la Royal, lililochorwa na ofisa wa Kiingereza, J. H. Sinclair. Royal liliteketea kwa moto, likazaliwa Majestic. Kulikuwa na Empire pale Darajani, na Sultana, ambayo baada ya Mapinduzi iliitwa Cine Afrique. Mji mdogo, senema tatu, na zote watu walizifikia kwa miguu.

Mwanahistoria Laura Fair, aliyezungumza na watazamaji wengi wa zamani, visiwani na bara, kwa ajili ya kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, anazieleza Jumapili za enzi hizo. Familia zilivaa zikapendeza, tiketi zikaisha mapema, na walanguzi wakauza walizobakisha kwa bei waliyoitaka. Filamu ya Kihindi iliyopendwa sana iliweza kuoneshwa senema mbili jioni moja, ingawa nakala ilikuwa moja tu. Senema ya kwanza ilitangulia kuanza. Mkebe mmoja wa filamu ukimalizika, kijana aliupakia kwenye baiskeli, akakanyaga mbio hadi senema ya pili, kisha akageuza kuufuata mwingine. Akichelewa njiani, ukumbi mzima wa kule ulibaki ukitazama kitambaa cheupe.

Ndivyo Raj Kapoor na Nargis, wa filamu ya Awaara ya mwaka 1951, walivyojulikana visiwani kama watu wa mtaa wa pili.

Jambo lisilosahaulika zaidi ni shoo za wanawake peke yao. Mama aliyekuwa hatoki ovyo alipata ruhusa ya kwenda na dada, mashoga na binti zake, akacheka na kulia bila ya kuangaliwa na mwanamume. Si sehemu nyingi za mji zilizompa nafasi hiyo wakati ule, na hata leo ni chache.

Televisheni ya Zanzibar ilianza mwaka 1973, ikafuatiwa na kanda za video, na kumbi zikapoteza watu. Empire likageuzwa duka. Lakini anayedhani kwamba simu imemaliza kiu ya kutazama pamoja aende Ngome Kongwe wakati wa tamasha la filamu la ZIFF, linalofanyika tangu mwaka 1998. Watu hukaa hadharani usiku kutazama filamu, wenyeji na wageni. Kasoro yake ni moja: tamasha ni la siku chache kwa mwaka, na mtaa unahitaji senema kila wiki.

Wakati nao haungoji. Sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib ilipoanguka Desemba 2020 na kuua watu, Mji Mkongwe wote uliona gharama ya kuahirisha ukarabati. Kuta za Majestic zimekaa bila ya paa muda mrefu mno, na kila masika yanazidi kuzila.

Siku milango itakapofunguliwa, wageni watakuja, na waje. Ila bei ya tiketi ipangwe kwanza kwa uwezo wa mkaazi wa Ng'ambo na watoto wake, filamu za Kiswahili zipewe Jumapili, na shoo ya wanawake irudishwe tangu wiki ya mwanzo.