Jina la bure na bei ya mwaka wa pili

Tokelau ni visiwa vitatu vya matumbawe katika Bahari ya Pasifiki, chini ya New Zealand. Wakazi wake hawafiki 2,000, uwanja wa ndege hawana, na mgeni huwafikia kwa meli kutoka Samoa. Hata hivyo kuna wakati majina ya tovuti yanayoishia na .tk, kikoa cha visiwa hivyo, yalizidi milioni 20, mengi kuliko ya Ujerumani au Uingereza. Yalikuwa yakigawiwa bure.

Mgawaji alikuwa kampuni ya Freenom ya Amsterdam, iliyoanzishwa na Mholanzi Joost Zuurbier. Baadaye ikapata pia vikoa vya Mali (.ml), Gabon (.ga), Jamhuri ya Afrika ya Kati (.cf) na Guinea ya Ikweta (.gq). Ulipewa jina kwa mwaka mmoja bila kulipa senti. Ukisahau kulihuisha, kampuni ililichukua, na wageni uliowavuta kwa miezi wakaangukia kwenye matangazo yaliyoiingizia kampuni fedha. Wewe ulifanya kazi ya kulitangaza jina, mwenzako akavuna. Kibaya zaidi, kwa masharti yale mwenye jina la bure hakuwa mmiliki wake, alikuwa mtumiaji tu.

Mahali pasipoulizwa fedha wala kitambulisho, matapeli hawakosi. Kutokana na utapeli huo, kampuni ya Meta iliifikisha Freenom mahakamani Marekani, na mapema 2023 usajili mpya ukasimama. Mwaka huohuo Gabon na Mali zikarudisha vikoa vyao mikononi mwao. Februari 2024 Freenom ikatangaza kwamba imesuluhishana na Meta na inaachana na biashara ya majina. Wajasiriamali wengi wadogo, Afrika ikiwamo, walikuwa wameshachapisha majina hayo kwenye kadi na mabango yao.

Bure ya leo ina sura nyingine. Kampuni ya kuhifadhi tovuti inakwambia: lipia nafasi ya mwaka mzima, jina tunakupa. Au .com inauzwa kwa dola moja. Hapo inafaa kujua bei ya jumla. Verisign, inayosimamia .com, Septemba 2024 ilianza kumtoza kila msajili, yaani kampuni inayouza majina, dola 10.26 kwa jina kwa mwaka. Anayekuuzia kwa dola moja anakula hasara makusudi, akijua kwamba mwaka wa pili, biashara ikiwa imeshashika, hutabisha bei. Kwa hiyo bei ya kuulizia dukani ni ya kuhuisha. Ya kununua ni chambo.

Ipo bure ya kweli, nayo naiheshimu. Wanablogu wengi wa Tanzania wa miaka ya 2000 walianza na majina ya blogspot.com, huduma iliyo chini ya Google tangu 2003, wakasomwa hadi ughaibuni. Kwa anayejaribu wazo au mwanafunzi, hiyo inatosha kabisa. Ila jina linabaki kwenye ua wa mwingine, na siku ukihama huondoki nalo. Mwenye duka Kariakoo au Mombasa anayetaka kudumu, heri atafute .co.tz au .co.ke kwa msajili anayetambuliwa: analipa kwa fedha ya nyumbani, kwa simu, na likitokea tatizo anajua ofisi ya kwenda.

Linaloniuma zaidi katika biashara hii wala si bei. Fundi anatengeneza tovuti, anasema jina ni zawadi, kisha analisajili kwa jina lake mwenyewe na barua pepe yake. Miaka miwili baadaye hapokei simu. Muda wa .com ukiisha na siku za msamaha zikipita, jina huingia siku 30 za kukombolewa, ambapo msajili hutoza ada inayoweza kuzidi mara kadhaa bei ya mwaka. Zikipita nazo, jina hufutwa na yeyote anaweza kulichukua. Notisi zote za onyo zilikuwa zikienda kwa fundi. Siku ya kusajili, mwenye duka akae pembeni ya fundi, jina liandikwe la biashara, barua pepe iwe yake, na nywila aondoke nayo.