Roketi Iliyoanguka Mara Kumi na Moja

Nilipokuwa Masalani hivi karibuni nilimkuta kijana mmoja wa shule ya sekondari ameinamia tarakilishi ya kupakata, jasho likimtiririka, akirusha roketi. Roketi hiyo ilipaa wima kama mnara wa msikiti, ikayaacha mawingu chini, ikafika pale ambapo mbingu huwa nyeusi mchana, kisha mafuta yakaisha. Ikasita. Halafu ikaanza kurudi ilikotoka, polepole kwanza, kisha kwa kasi ya kutisha, ikajibwaga chini na kugeuka moshi.

“Adeer,” akaniambia, kwani kwa umri mimi ni sawa na ami yake, “hii ni mara ya kumi na moja. Kimo nimekifikia. Mbona haibaki huko juu?”

Swali hilo ndilo lililonifanya niishike kalamu, maana nimekutana na watu wenye shahada ambao wasingeweza kulijibu.

Mchezo wenyewe unaitwa Kerbal Space Program. Ulianzishwa nchini Mexico na Felipe Falanghe katika kampuni ya Squad, ukatolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka 2011, na toleo lake kamili likatoka mwaka 2015. Mchezaji hupewa karakana yenye matangi, injini, mabawa na vyumba vya marubani. Huunda chombo apendavyo, akakisimamisha uwanjani na kubonyeza kitufe. Hakuna adui wa kupigwa risasi. Adui ni hesabu. Najua wapo walimu watakaosoma hapa na kuguna, wakisema kwamba vijana wetu wamepotezewa saa za kutosha na michezo ya tarakilishi. Sina ugomvi nao kuhusu michezo mingine. Huu ningewaomba wauketie nusu saa kabla ya kuuhukumu.

Hebu tulirudie swali la kijana. Wanafunzi wengi hutoka darasani wakiamini kwamba setilaiti haianguki kwa sababu imepanda hadi mahali ambapo mvutano wa dunia hukoma. Si kweli. Katika kimo cha kilomita 400, ambako Kituo cha Kimataifa cha Anga huzunguka, mvutano bado ni kama asilimia 89 ya huu unaotushikilia hapa chini. Kinachokizuia kituo hicho kisianguke si kimo, bali ni mwendo wa kwenda kando, takriban kilomita 7.7 kwa kila sekunde. Kwa hakika kinaanguka saa zote. Lakini kinakwenda mbele upesi hivi kwamba ardhi, kwa kuwa ni mviringo, hujipinda chini yake na kukikwepa. Maneno hayo yamo vitabuni, na mwanafunzi huyakariri, akayaandika katika mtihani, akayasahau. Yule aliyeiona roketi yake ikirudi mara kumi na moja hayasahau.

Nilimshauri aiinamishe roketi kuelekea mashariki mara tu ishikapo mwendo. Jaribio la kumi na mbili nalo lilishindwa, lakini lilishindwa kwa sababu nyingine, na hapo ndipo elimu ilipo. Safari hii mafuta yalikwisha kabla ya mwendo kutimia. Akafanya analolifanya kila mtu: akaongeza matangi. Roketi ikanguruma, ikatoa moto, lakini haikunyanyuka hata shubiri moja, kwa kuwa uzito wake ulikuwa umeishinda kani ya injini.

Mfugaji wa Ijara hahitaji kuelezwa jambo hili kwa maneno mazito. Anayehama na ng'ombe wakati wa kiangazi, akiwa amempakia punda maji, anajua kwamba punda naye hunywa. Ukitaka kufika mbali zaidi utaongeza maji; ukiongeza maji utahitaji punda wa pili; na punda wa pili ana kiu yake. Mrusi Konstantin Tsiolkovsky alilichapisha wazo hili kwa hesabu mwaka 1903, kabla roketi yoyote haijafika angani. Tuchukue chombo chenye tungamo la tani 10 kikiwa kitupu, na injini inayofukuza gesi kwa kasi ya mita 3,000 kwa sekunde. Kikitiwa tani 10 za mafuta, tukiacha mvutano na upinzani wa hewa kando, kitapata mwendo wa mita 2,079 kwa sekunde. Ukitaka mwendo maradufu, hutatia tani 20 bali 30. Ukiutaka mara tatu, utatia tani 70. Ukiutaka mara nne, yaani mita 8,318, utatia tani 150. Na hata hizo hazitoshi, kwani ukizihesabu hasara za mvutano na hewa, safari ya kutoka ardhini hadi kuizunguka dunia hudai karibu mita 9,400. Mwalimu wa hisabati akitafuta sababu ya kumfundisha mtoto logi, sababu ndiyo hiyo. Ndiyo maana pia roketi huundwa kwa vipande, na kila kipande hutupwa mafuta yake yakiisha: punda aliyemaliza mzigo wake haendelei kunyweshwa.

Kijana wetu, kama vijana wote, alikuwa tayari ameshachoshwa na roketi za kawaida. Alitaka kitu chenye mabawa, kipae kutoka uwanjani kama ndege na kufika angani kama roketi. Akaunda kimoja kizuri cha kupendeza macho. Kilipofika mwisho wa uwanja kiliinua pua, kikabinuka nyuma, kikaanguka chali.

Katika karakana ya mchezo kuna alama mbili ambazo mchezaji anaweza kuziwasha: tufe la manjano huonyesha kitovu cha tungamo la chombo, na la buluu huonyesha mahali ambapo kani ya mabawa hunyanyua. La buluu linapaswa kukaa nyuma kidogo ya la manjano. Likiwa mbele, chombo hutaka kugeuka kinyumenyume. Jamii ya Waboni, majirani zetu wa msituni, walilijua hili tangu kale, ndiyo maana manyoya ya mshale hufungwa nyuma na chuma hukaa mbele. Lakini mshale hauna mafuta. Ndege ya angani huyachoma mafuta yake safarini, na kadiri matangi yanavyokauka ndivyo kitovu cha tungamo kinavyohama. Chombo kilichoondoka kikiwa na utulivu kinaweza kurudi kikiwa kichaa. Kijana alihamisha matangi mara nne, akirudi uwanjani kila mara, kabla hajaona kwamba ingefaa ayaweke katikati, juu ya mabawa. Sikumwambia. Nilijiuma ulimi, na naungama kwamba kunyamaza kulikuwa kugumu kuliko kufundisha.

Hapa sina budi kuutaja uongo wa mchezo huu, kwa sababu upo. Sayari yake, Kerbin, ina nusukipenyo cha kilomita 600 tu, ilhali dunia yetu ina kilomita 6,371. Mvutano wa usoni mwake umefanywa sawa na wetu, lakini kwa udogo wake, kuizunguka kunahitaji takriban mita 2,300 tu kwa sekunde. Kwa hiyo mchezoni ndege ya kipande kimoja inaweza kupaa, ikaizunguka sayari na kutua salama. Katika dunia halisi hakuna aliyewahi kulifanya hilo. Vyombo vya Space Shuttle vya Marekani, vilivyoruka mara 135 kati ya 1981 na 2011, vilikuwa na mabawa, lakini viliondoka kama roketi na kuangusha mapipa yake njiani. Kampuni ya Reaction Engines ya Uingereza iliisanifu injini ya kuvuta hewa chini na kutumia oksijeni yake yenyewe juu. Mwaka 2024 ikafilisika kabla injini hiyo haijaruka. Mwalimu asipoyasema haya, mchezo utakuwa umempotosha mtoto. Akiyasema, na kumtaka mtoto akokotoe tofauti ya sayari hizo mbili, uongo huo utageuka zoezi zuri.

“Na mbona mashariki?” kijana akaniuliza. “Kwa nini si magharibi?”

Kwa sababu dunia huzunguka ikielekea mashariki, na roketi huanza safari na mwendo ambao ardhi imeipa bure. Kwenye ikweta mwendo huo ni mita 465 kwa sekunde. Cape Canaveral, Marekani, ni kama mita 408. Baikonur, ambako Warusi hurushia, hauzidi mita 330. Masalani haifiki hata digrii mbili kusini mwa ikweta, basi inayo karibu yote 465. Waliobuni mchezo huo wamekiweka kituo chao cha kurushia karibu kabisa na ikweta ya sayari yao, na hawakufanya hivyo kwa bahati.

Wala Waitalia hawakufanya kwa bahati walipokuja Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, wakasimamisha majukwaa ya chuma baharini. Kutoka Ijara hadi pale, kwa njia ya kunguru, ni kama kilomita 150. Kutoka jukwaa la San Marco roketi za Scout, zenye vipande vinne, zilipeleka setilaiti angani mara tisa kati ya mwaka 1967 na 1988, na zote tisa zikafaulu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Iliitwa Uhuru. Neno letu limo katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima. Lakini ni wanafunzi wangapi wa Ijara, au wa Malindi kwenyewe, waliopata kuambiwa? Bahari ilikuwa yetu na ikweta yetu. Roketi ilikuwa ya Wamarekani, na walioirusha walikuwa Waitalia.

Tumepiga hatua tangu hapo. Mwaka 2018 kisetilaiti cha Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, kilitolewa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, na tarehe 15 Aprili 2023 Taifa-1 ikarushwa kutoka California. Si anasa hizo. Tangu mwaka 2010, Marsabit, wako wafugaji waliokatiwa bima ambayo hulipa kwa kuutazama ukijani wa malisho kupitia setilaiti. Aliyepoteza mifugo katika kiangazi anajua thamani ya jicho hilo.

Linaloniuma ni walimu. Baada ya basi kushambuliwa Mandera Novemba 2014, walimu wakiwa miongoni mwa waliouawa. Baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015. Na baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe Januari 2020, walimu wengi wasio wenyeji waliondoka kaskazini mashariki au wakahamishwa. Siwalaumu. Mtu ana haki ya kuogopa kifo. Lakini mtaala mpya, ulioingia sekondari ya juu Januari 2026, unamtaka mtoto achague njia, na njia ya sayansi ni mojawapo. Ataichaguaje ikiwa hajapata kumwona mtu akiitumia sayansi mbele ya macho yake?

Sisemi mchezo utakaa mahali pa mwalimu. Nilikaa na kijana yule nusu siku, na naweza kushuhudia kwamba mchezo humwonyesha mtu kuwa amekosea bila kumwambia kwa nini. Wa kuuliza “kwa nini” lazima awepo. Lakini mwalimu mmoja wa hisabati anayelazimika kufundisha na fizikia anaweza kusaidiwa sana na tarakilishi tatu ambazo leo zimefungiwa ofisini zikifunikwa kitambaa zisiingie vumbi. Mchezo huu ukishawekwa hauhitaji intaneti. Sharti moja tu: kabla ya kurusha, mwanafunzi aandike daftarini anachotarajia, na baada ya kuanguka aandike kilichotokea. Na wasichana wasiachwe nyuma wakichungulia mabegani mwa wavulana, wapewe kibodi. Pasipo umeme, jedwali la tani 10, 30, 70 na 150 hujazwa kwa penseli, na chupa ya plastiki yenye maji kidogo na pampu ya baiskeli huruka vizuri tu, ilimradi watoto wakae mbali nayo.

Jua lilipokuwa likitua kijana alifaulu. Roketi ya vipande vitatu iliinama mashariki, ikaangusha cha kwanza, kisha cha pili, na mstari wa njia yake ukajifunga ukawa duara. Hakupiga kelele. Alikaa akiutazama, kisha akaniuliza swali nililokuwa nikilingoja: ikiwa Ijara iko karibu na ikweta kuliko Ngomeni, kwa nini Waitalia hawakuja huku?

Nilimrudishia mchezo nyuma hadi pale tangi tupu lilipokuwa likianguka, nikamkumbusha ile pete ya chuma, yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa takriban kilo 500, iliyoanguka kijijini Mukuku, kaunti ya Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, ikitoka kwenye roketi ya watu wengine.

Akalitazama tangi, akatazama dirishani upande wa mashariki, ulipo msitu wa Boni. “Lingewaangukia watu,” akasema. Kisha akairudia karakana, akaanza kuhesabu ni mafuta kiasi gani angeyahitaji ili kipande cha kwanza kiwahi kufika baharini.